Kigoda cha Mama Kamba

2 Februari

Dada Mkate,

Futa mikono kwanza, usije ukanipaka unga kwenye barua. Ndiyo, ni mimi, yule uliyesema atarudi kulia mlangoni kwako kabla mwezi haujaisha. Mwezi umeisha na nimelia siku moja tu, tena kwa sababu gundi iliniingia jichoni.

Sharti lako nimelitii. Naandika kwa kalamu, sipigi simu, ili mkono usisahau yale machache niliyoyapata kabla sijaagana na shule. Wewe husema nilitoroka, lakini mimi niliaga, ila mwalimu hakuwa darasani. Barua atakuletea dereva wa lori la unga, anaikunja ndani ya kofia yake. Ikinuka jasho, si langu.

Hapa karakana ya makochi mimi ndiye nguzo. Juzi nimevalisha kochi zima peke yangu. Sawa, Fundi Mkuu alishika upande mmoja. Haya, tatu. Lakini ule upande wangu umenyooka mpaka mteja kaupapasa kama anapapasa paka.

Sasa sikia habari yenyewe. Kanisa letu hapa mtaani linapendwa kama mbu. Spika zetu zinaanza watu wakiwa bado wamelala, zinaisha watu wakiwa wameshakasirika. Jumapili iliyopita Mchungaji akafunga Biblia akasema, "Mtaa huu unatujua kwa kelele tu. Nani kati yenu anajua jirani yake anapenda nini?" Kimya. Hata mimi, na unajua mimi na kimya hatujatambulishwa.

Basi Mwenyekiti wa vijana kaleta mchezo, unaitwa Rafiki wa Siri. Kila kijana anachota jina la jirani asiyesali kwetu. Unamtendea mema bila kuonekana. Huruhusiwi kuingia ndani mwake wala kuvuka kizingiti, unaacha kitu nje unakimbia. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu majirani wote wanaalikwa, kila mmoja anaulizwa mbele ya watu anadhani rafiki yake ni nani, halafu rafiki anasimama. Vicheko, makofi, soda. Ambaye jirani yake atafurahi kuliko wote, atapiga ngoma za kanisa mwaka mzima.

Ngoma, Dada! Mimi niliyekutoboa masikio kwa vifuniko vya sufuria!

Nimemchota jirani yangu wa ukuta, Mama Kamba. Anafua nguo za watu, na ua wetu wote ameutanda kamba zake, ukitaka kwenda bombani unapita umeinama kama mwizi. Ulimi wake mkali kuliko mkasi wa Fundi Mkuu. Siku nilipohamia nilipangusa mikono kwenye shuka la mteja wake bila kujua, akaniita "wewe tambara". Tangu hapo hajanisemesha.

Nitamlainisha. Nimeanza na pipa lake la maji. Alfajiri nalijaza mpaka shingoni, nanyata kwa soksi. Leo kalikuta limejaa, kaanza kuwatukana majirani wote kwa zamu akidhani wamemwekea uchawi. Mwanzo mzuri.

Tuma mkate. Siyo ule ulioungua.

Mdogo wako, Nguzo ya Karakana

---

14 Februari

Nguzo,

Mkate huo nimeufunga kwenye gazeti, dereva akiumega mwambie nimeupima.

Nimefurahi una kanisa na una mchezo. Nimefurahi zaidi kwamba unaamka alfajiri, maana huku nilikuamsha kwa maji ya baridi na bado ulidai ni ndoto.

Lakini niulize kitu cha kijinga, mimi si mtaalamu kama wewe. Huyo mama mnagawana ukuta. Kwa nini usigonge mlango ukasema, "Mama, samahani kwa lile shuka, naitwa fulani, nikuchotee maji?" Si angekujua leo leo? Mimi hapa jirani yangu mshona viatu nilimpata kwa kumwambia mkate wa leo haukuumuka, tule tu hivyo hivyo. Tulikula tukicheka, tukawa ndugu.

Au ukigonga mlango hupewi ngoma?

Angalia kifua chako na hayo maji ya alfajiri.

Dada yako

---

27 Februari

Dada Mkate, mama wa maswali,

Ukigonga mlango hupewi ngoma. Umejibiwa.

Mchezo umenoga mtaa mzima. Yule mwenzangu anayeimba sauti ya tatu kamchota askari wa kona. Kamwekea maua ndani ya buti. Askari kavaa buti bila kutazama, kapiga kelele, kadhani nyoka, na mwenzetu kacheka nyuma ya ukuta akakamatwa kwa kucheka. Mwingine kamchota mwenye mbwa. Mbwa ndiye kawa rafiki, mwenyewe hata hajui kinachoendelea.

Ila bingwa ni mimi, na si kwa kujisifu. Haya, ni kwa kujisifu.

Mama Kamba alikuwa na kigoda cha mguu mmoja uliovunjika, kinakaa nje ya mlango wake kimeegemea ukuta, kinanyeshewa. Nilishangaa kwa nini hakitupi wala hakitengenezi. Nikakibeba kwa siri karakana. Dada, ile kazi hata Fundi Mkuu alisimama akaitazama. Nilichonga mguu mpya kwa mbao ngumu, nikaupigia kabari, nikaweka gundi, nikapiga msasa mpaka kikawa kama shavu la mtoto. Alfajiri nikakirudisha mahali pake, nje ya kizingiti kama sheria inavyosema. Nikakimbilia kitandani nikachungulia dirishani.

Katoka na karai lake la nguo. Kakiona. Karai likaanguka, nguo za watu chini kwenye matope, na yeye hajali! Kapiga magoti, kaupapasa ule mguu, kakikalia kigoda, kainuka, kakikalia tena. Halafu kasema kwa sauti kabisa, ua wote ukasikia, "Umejifunza! Umejifunza, babangu!"

Mimi nikajua kachanganyikiwa kwa furaha. Kumbe la.

Juzi tumekutana bombani. Kanisemesha! Yeye kwanza! "Kijana, wewe unaamka mapema. Hujamwona mtu mrefu, mwembamba, anapita hapa kwangu?" Nikasema sijamwona. Ndipo kanisimulia. Ana mtoto wake wa pekee, wa kiume. Alikuwa hafanyi kazi, anashinda kukaa. Siku moja akavunja kile kigoda kwa hasira, na yeye kwa hasira akamwambia mbele ya watu wote uani, "Toka! Usikanyage kizingiti changu mpaka ujifunze kazi ya mikono!" Kijana katoka, hajaonekana tena miaka na miaka.

Umeona ilivyokaa? Kigoda kimetengenezwa na fundi. Mwenye kukitengeneza havuki kizingiti. Mama wa watu kapiga hesabu zake, kapata jibu: mwanawe karudi, anaona haya, anatanguliza kazi yake ajionyeshe baadaye.

Nilijibana kucheka mpaka mbavu zikauma. Yaani sasa ndiyo utamu wenyewe! Fikiria siku ile atakapojua ni mimi, tambara! Na tangu hapo amekuwa mtu mwingine. Haniiti tambara, ananiita kijana. Jana kanipigia pasi shati bure, kanisimulia mwanawe alivyokuwa mtundu, tumecheka hadi wateja wake wakaja kudai nguo. Nje ya mlango siku hizi anaacha sahani imefunikwa. Naila mimi, naiosha, naiweka palepale.

Urafiki umeshashika. Ngoma zangu hizo.

Bingwa

---

5 Machi

Mdogo wangu,

Leo sitaki utani, na wewe usinijibu kwa utani.

Nenda kamwambie leo. Siyo Jumapili ya mchezo wenu. Leo, ukimaliza kusoma hapa, hata kama gundi bado iko mkononi.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Baba alipopanda lori akaondoka, mama alikuwa akisikia lori limefunga breki barabarani anaacha chochote anachofanya. Kama ni ugali jikoni, utaungua. Anatoka mlangoni, anajifuta mikono, anasimama. Lori linapita. Anarudi ndani anatuambia, "Nilikuwa natazama mvua." Siku moja jirani mmoja mpenda mzaha akagonga kama baba alivyokuwa akigonga. Alitaka tu kutuchekesha. Mama hakumtukana. Alikwenda kulala mchana, na mama hakuwa mtu wa kulala mchana. Wewe uliletewa uji na mimi siku hizo, kama unataka kujua kwa nini nakujua sana.

Unachomfanyia huyo mama si wema, hata kama maji ni maji na kigoda ni kigoda. Na hiyo sahani unayoila si yako.

Mchungaji wenu aliwauliza nani anajua jirani yake anapenda nini. Sasa wewe unajua. Ndiwe pekee katika kanisa zima unayejua. Utafanya nini nacho?

Niandikie umemwambia.

Dada yako

---

16 Machi

Dada,

Nimemwambia. Tulia.

Nilimkuta anaanika, nikasema Mama, yule si mwanao, ni mimi, ni mchezo wa kanisani. Kacheka mpaka vibanio vikamdondoka mdomoni. Kasema "kumbe wewe, tambara!" Tukacheka wote. Kasema atakuja Jumapili hiyo hiyo, hana shida. Umeona? Ulijitia presha bure, wewe na malori yako.

Kazini kuzuri. Fundi Mkuu kanikabidhi bunduki ya pini za kupigilia vitambaa, siazimi tena. Mazoezi ya ngoma nafanya kwenye sponji, haitoi sauti lakini mkono unaelewa.

Mama Kamba naye mzima. Amepaka mlango wake rangi, bluu, unang'aa. Ametoa godoro la pili analianika juani kila siku, analipiga fimbo vumbi litoke. Ua mzima unapiga chafya.

Haya basi, kazi njema na oveni zako.

Mdogo wako

---

24 Machi

Wewe,

Mtu anayejua kwamba mwanawe hajarudi anaanika godoro la nani?

Hata uongo hujui kuupiga vizuri. Uliandika barua yote bila kujiita bingwa hata mara moja, nikajua kabla sijafika kwenye godoro.

Sikulaumu kwa kuogopa. Najua ulivyo. Unaona kwamba ukimwambia, kesho bombani atakupita kama hakujui, na huko ugenini ndiye mtu pekee aliyekupigia pasi shati. Naelewa. Lakini hilo shati, mdogo wangu, alimpigia mtu mwingine.

Usimwache akaingia kanisani hajui. Nakuomba kwa jina la mama. Mwambie mkiwa wawili, mlango umefungwa, ili akilia alie kwake. Ngoma watapiga wengine, dunia haitaharibika.

Ningekuja mwenyewe lakini mwenzangu wa zamu amejifungua na oveni haziwezi kuachwa. Dereva ameniapia barua hii itakufikia kabla ya Jumapili.

Dada yako

---

9 Aprili

Dada,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, mchezo ulishapita jana yake. Lori lilikatika ekseli njiani, dereva kalala porini na unga wake. Lakini nisijifiche nyuma ya ekseli. Hata ingefika Ijumaa ningeisoma, ningeitia ndani ya kochi la mtu nikaishonea humo. Nilikwishaamua. Nilisema moyoni, akiniona atacheka. Kila mtu alikuwa anacheka siku ile, kwa nini yeye asicheke?

Nakuandikia ilivyokuwa, maana hapa hakuna ninayeweza kumwambia.

Alikuja mapema kuliko waumini. Alivaa gauni ambalo sijawahi kuliona, limepigwa pasi mpaka lina makali. Na alikuja amebeba kigoda. Wahudumu walimwonyesha viti vya plastiki, akakataa, akasema, "Mimi nina kiti changu." Akakiweka mbele kabisa, akakalia.

Mchezo ukaanza. Askari kaitwa, kamtaja mwenzetu moja kwa moja maana alishamkamata, watu hoi. Yule mwenye mbwa kaja na mbwa. Watu walicheka hadi machozi, na hata wale majirani waliokuwa wakitupigia mawe juu ya bati kwa ajili ya spika walikuwa wanapeana mikono na sisi. Mchungaji uso wote meno. Nataka ujue hilo, Dada. Kwa wengine ule mchezo ulikuwa mzuri kweli.

Kisha Mwenyekiti kwa kipaza sauti, "Mama yetu wa kamba! Unadhani rafiki yako wa siri ni nani?"

Akasimama. Hakuchukua kipaza sauti. Akasema, "Namjua tangu siku ya kigoda. Babangu, yale maneno ya kizingiti nimeyafuta. Nayafuta mbele za watu kwa sababu niliyasema mbele za watu. Mlango nimeupaka rangi uuone kwa mbali. Pita, babangu. Usione haya."

Watu wakanyoosha shingo. Walidhani ni sehemu ya mchezo, mama anajua kuigiza. Mwenyekiti akapaza, "Rafiki wa siri, simama!"

Nikasimama, Dada. Ningeweza kukaa, sijui kwa nini nilisimama. Nilikuwa kwenye benchi la vijana, karibu na mlango. Akageuka na uso ambao sitausahau, akanitazama. Halafu akatazama nyuma yangu. Akainua kichwa, akatafuta juu ya bega langu, upande huu, upande ule. Akaniambia kwa upole kabisa, kama tulivyokuwa tukiongea bombani:

"Kaa chini, kijana. Unamziba."

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Akasema, "Ndiyo, nimekuona. Sogea kidogo apite."

Na hapo ndipo watu walipopiga makofi. Walikuwa wameambiwa, rafiki akisimama, pigeni makofi. Wakapiga. Mpiga kinanda naye akapiga kinanda. Mama Kamba akabaki amesimama katikati ya makofi, akinitazama mimi, akitazama mlango, akinitazama mimi. Niliona anavyoelewa. Haikuwa mara moja. Ilimjia kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, polepole, mpaka juu.

Akainama, akachukua kigoda chake, akatoka. Alipita karibu yangu nikasikia harufu ya sabuni. Hakunigusa, hakuniita tambara.

Walinipa vijiti vya ngoma. Mwenyekiti alisema jirani yangu ndiye aliyeguswa kuliko wote.

Mimi

---

20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma mara moja tu. Mara ya pili sikuiweza.

Sitakupiga maneno, umeshapigwa. Sikiliza. Usimfanyie tena jambo lolote kwa siri, hata dogo, hata zuri. Nenda mchana, gonga, taja jina lako alilokupa mama, sema ulichofanya na kwamba ulikijua wakati unakifanya. Hilo la kujua usiliruke. Asipofungua, usisukume. Andika, upitishe chini ya mlango.

Usimwombe akusamehe. Umemtumia vya kutosha.

Nimeweka mkate. Huu haujaungua.

Dada yako

---

2 Mei

Kijana,

Nakuandikia ingawa ukuta wetu ni mmoja na nakusikia ukikohoa. Nimesikia ulivyogonga. Barua yako niliikuta mlangoni nimeisoma. Mwandiko wako mbaya lakini umesema kweli, umesema ulijua. Wale wa kanisani kwenu walikuja watatu na soda, wakasema ni bahati mbaya, hakuna aliyejua. Niliwarudishia soda yao. Mchungaji wenu alikuja peke yake, akakaa chini sakafuni, hakusema kitu. Huyo nilimpa maji.

Sasa nisikie. Maji usinijazie. Lile pipa ulilolijaza mchana mbele yangu nililimwaga, na uliona. Sikulimwaga kwa kiburi. Nikikuta pipa limejaa alfajiri, moyo wangu hauna akili, unaruka kabla sijauambia. Sitaki uruke tena.

Miaka yote ile nilikuwa nimeshazoea. Sikuwa na raha, lakini nilikuwa nimezoea, kama mtu anavyozoea kidole kilichokatika. Wewe ulikuja ukakirudishia uhai wiki chache. Sasa kinauma upya kama siku ile ile, na safari hii sina nguvu za siku ile.

Kigoda hakipo tena kama ulivyokitengeneza. Mguu wako nimeutoa. Ulinisumbua, nilipiga nyundo asubuhi nzima, ulisikia. Wewe ni fundi mzuri, na hilo ndilo linalonichoma: mwanangu nilimtaka awe hivyo, nikamfukuza asipokuwa. Mguu nakurudishia, nimeufunga kwenye gazeti hili. Nimekiegemeza kigoda ukutani palepale kilipokuwa, kimevunjika kama alivyokivunja. Akirudi, aikute kazi yake inamngoja. Isifanywe na mtu mwingine.

Salamu yako nitaitikia, maana sisi ni majirani na mimi si mnyama. Zaidi ya hapo hapana. Ukipita mlangoni kwangu, pita. Usisimame.

Jirani yako wa ukuta

---

11 Mei

Dada,

Nakutumia barua yake uisome, kisha unirudishie. Mguu wa kigoda uko juu ya sanduku langu. Kabari yangu haikulegea, Dada, mbao imepasuka pembeni yake. Zamani ningejisifu.

Vijiti vya ngoma nimevirudisha. Mwenyekiti akaniuliza, "Umechoka kabla hujaanza?" Nikamwambia ampe yule mwenzetu aliyemchota mwenye mbwa. Mwaka ujao wanataka mchezo urudiwe, umewaletea majirani wengi, viti vya plastiki havitoshi. Nilisimama kwenye kikao nikasema sawa, urudiwe, lakini pasiwe na siri. Mtu agonge, aonekane uso, aseme ametoka kwa nani. Mmoja akasema, "Sasa hapo raha iko wapi?" Wakacheka. Mwezi wa pili mimi ndiye ningesema hivyo.

Asubuhi namwambia, "Shikamoo, Mama." Anasema, "Marahaba." Anasema vizuri tu, kama anavyomjibu muuza mkaa. Kisha anarudi kwenye kamba zake.

Godoro la pili bado analianika. Si kila siku. Nilidhani ataliuza.

Jambo moja nikwambie halafu nifunge, dereva ananipigia honi. Mimi bado naamka alfajiri, mwili umeshazoea, na lazima nichote maji yangu kabla ya foleni. Siku ya kwanza baada ya barua yake nilinyata kama kawaida, kwa soksi. Nikasikia komeo la mlango wake wa bluu likifunguka. Ukafunguka upana wa uso. Akanitazama, mimi na ndoo yangu. Ukafungwa.

Tangu siku hiyo nikitoka navaa viatu vizito vya karakana. Naburuza miguu. Nakohoa, naimba zile nyimbo ulizonikataza kwa sauti mbaya, na ndoo naipiga kwa ngumi njia nzima hadi bombani, pa, pa, pa. Majirani wananitukana. Yule wa chumba cha kona kasema siku moja atanimwagia maji machafu. Namwambia anisamehe, na kesho yake napiga tena. Napiga kwa nguvu nikifika usawa wa mlango wake, ili ajue kabla hajaamka kitandani kwamba ni mimi tu.

Mdogo wako